Pembe Aliyoikosa Timazi

"Gawanya, baba," binti alisema, kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mtoto apenge kamasi. Aliisikia mwenyewe na akajichukia, ila neno lilikuwa limeshatoka.

Baba yake hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alilamba ncha ya penseli, akainamia karatasi, akaanza kusoma polepole kama mtu anayesoma jina la mgeni. "T mara kosini ya pembe, sawa na nane. T mara sini ya pembe, sawa na sita. Haya. Nagawanya nini kwa nini?"

"Cha chini kwa cha juu. Sini kwa kosini. T na T zinakatana, zinaondoka. Unabaki na nini?"

"Nabaki na..." Aliitazama karatasi kana kwamba itamnong'oneza. "Nabaki na sita na nane."

"Na tanjenti, baba. Sini kugawanya kwa kosini ni tanjenti. Tulisema jana. Na juzi tulisema."

"Tulisema," baba akakubali. "Sikatai kwamba tulisema."

Walikuwa kwenye meza ya mama, meza pekee katika nyumba ile ya vyumba viwili, na meza yenyewe haikuwa ya kusomea. Ilikuwa ya kupigia pasi. Mama alipiga pasi nguo za watu wa mtaa ule kwa malipo, na juu ya mbao alikuwa ametandika blanketi kuukuu lenye alama za kuungua, laini kiasi kwamba ukiandikia juu yake penseli inatoboa karatasi. Kwa hiyo walikuwa wameweka sinia chini ya karatasi, na sinia halikutaka kutulia. Mama mwenyewe alisimama mlangoni na kapu la mashati ya watu kiunoni, akingoja somo liishe. Kila alipolihamisha kapu kutoka upande huu kwenda upande wa pili, binti alihisi anaambiwa aongeze mwendo.

"Mkimaliza mniambie," mama alisema. "Mwenye mashati haya anayafuata kabla jua halijazama."

"Tunamaliza," baba alisema.

Hawakumaliza.

*

Kazini baba walimwita Timazi, kama ile kamba ya mwashi yenye kizito mwishoni, inayoonyesha ukuta umesimama wima au umelala. Alikuwa mfunga mizigo katika yadi ya vyuma. Kreni haikunyanyua kitu pale kabla yeye hajakifunga waya, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa na kusema, "Huu utalalia kushoto, fungueni." Wakifungua na kufunga upya, mzigo unapanda umetulia tuli. Hakuna aliyemuuliza amejuaje, na yeye hakuwahi kujiuliza.

Sasa yadi ilikuwa imepata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakaja na taratibu zao. Kila mfunga mizigo awe na cheti. Cheti kinapatikana kwa mtihani, na mtihani ni wa kuandika. Atakayeanguka atapangiwa kazi nyingine. Walisema hivyo hivyo, kwa upole kabisa, na hapakuwa na mtu yadini asiyeijua hiyo kazi nyingine. Ilikuwa kufagia kutu na vipande vya chuma kwa ujira wa kibarua, leo upo kesho hupo, mpaka uchoke mwenyewe uondoke zako.

Sheria za usalama Timazi alizikariri. Ishara za mikono angeweza kuzifanya akiwa usingizini. Kilichomtoa jasho ni sehemu ya hesabu. Mzigo umening'inia, kamba imevutwa pembeni. Unaambiwa kamba inavuta kiasi gani kwenda juu na kiasi gani kwenda upande, lakini mvuto wenyewe wa kamba huujui, na pembe iliyoinamia huijui. Vitu viwili huvijui, milinganyo miwili unayo, haya itatue kwa pamoja. Alipoonyeshwa mfano mara ya kwanza alidhani ni mwandiko wa daktari.

Kwanza alikwenda kwenye darasa la jioni, linalofundishwa na kijana mmoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kijana akampokea vizuri tu, akawaambia wanafunzi wasimame wamsalimie babu. Wakasimama, wakamsalimia babu. Timazi hakuwa na mjukuu hata mmoja. Akakaa benchi la nyuma, magoti yakigonga dawati, na aliponyoosha mkono kuuliza, darasa zima likageuka kumtazama. Hakurudi tena. Mkewe alipomuuliza, alisema benchi lile lilimuumiza mgongo.

Ndipo mama alipomwita binti uani, kwenye kamba za nguo.

"Baba yako hawezi kukuomba," alisema. "Mimi nakuomba."

"Mama, na mimi nina mtihani. Wa kumaliza shule, mama. Si mchezo."

"Najua. Lakini wako ukianguka utarudia. Wa baba yako ukianguka, tumeanguka wote, na hiyo shule yenyewe sijui utairudia kwa pesa gani." Mama alibana vibanio viwili mdomoni, kwa hiyo maneno yalitoka yamebanwa na yeye hakulazimika kumtazama mwanawe usoni. "Mfundishe tu. Na usimwonyeshe kwamba hajui."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Utamfundishaje mtu bila kumwonyesha kwamba hajui?

*

Siku kulipokucha kichwani mwa baba ilikuwa Jumapili alasiri, na yaliyomwamsha hayakuwa maelezo ya binti. Binti alikuwa ameishiwa maelezo. Alichukua pasi ya mama ikiwa baridi, akaifunga kamba, akaining'iniza kwenye msumari wa mlangoni, kisha akaivuta pembeni kwa kamba nyingine.

"Sasa baba, tazama hii kamba."

"Nani kaifunga hivi?" baba aliuliza. "Hii inakuja miguuni kwako sasa hivi." Akainuka, akaifungua, akaifunga upya kwa fundo lake, akaijaribu kwa kidole mpaka akaridhika. Halafu akabaki ameikodolea macho. "Ngoja. Hii kamba inafanya kazi mbili. Inabeba, na inavuta pembeni."

"Ndiyo."

"Kazi ya kubeba ndiyo hiyo yenye kosini. Ya kuvuta pembeni ndiyo yenye sini."

"Ndiyo, baba." Binti hata hakuthubutu kusogea.

"Na ikiinama zaidi, ya pembeni inaongezeka, ya kubeba inapungua. Ukigawanya ya pembeni kwa ya kubeba unajua imeinama kiasi gani." Alirudi mezani, akakalia kigoda, akaandika. Sita kwa nane, sifuri nukta saba tano. Akabonyeza kikokotoo kwa kidole kimoja kinene, akapata pembe: nyuzi thelathini na saba. Kisha, bila kuambiwa, akaiweka nane kwenye kipeo cha pili na sita vivyo hivyo, akajumlisha sitini na nne na thelathini na sita, akapata mia, akatafuta kipeuo. "Kumi," alisema. "Kamba inavuta kumi." Akamtazama binti kwa wasiwasi. "Au?"

"Kumi, baba."

Timazi alicheka peke yake. Akamwita mkewe. Mama akaja na mikono yenye maji, akaonyeshwa kumi ile, akaisifu bila kuelewa lolote. Baba alidai lingine, akapewa, akalipata. Akadai lingine. Kwa mara ya kwanza tangu wenyewe wapya waje, nyumba ile ilikuwa na kelele za furaha, na binti akajiona mwalimu kwelikweli.

Ni katika furaha hiyo baba alipolivuta daftari la binti na kulifungua, kujionyesha tu kwamba sasa hata la shuleni haliogopi. Akaweka kidole mahali.

"Hizi mbona zina vijistari mbele? R kosini ya pembe ni sawa na hasi nane."

Binti alitazama. Alijua hasa kilichotakiwa. Ilitakiwa achore duara, aligawe robo nne, aeleze kwamba ukigawanya hasi kwa hasi zile hasi zinapotea, tanjenti inatoka safi kama hakuna kilichotokea, nawe unadhani uko robo ya kwanza kumbe uko ya tatu. Kwamba kabla ya kuandika jibu lazima urudi uangalie alama. Yeye mwenyewe ilimchukua muda mrefu kuelewa. Akamwona mama mlangoni na kapu lake. Akaliona daftari lake la kemia, ambalo tangu wiki ianze alikuwa hajaligusa. Akauona uso wa baba yake uliokuwa unang'aa, na akajua duara lile litauzima.

"Hizo za kwetu shuleni, baba. Achana nazo. Kwani kamba inasukuma?"

Baba aliangua kicheko. "Kamba haijawahi kusukuma kitu tangu dunia iumbwe."

"Basi. Zikikujia, ujue aliyechapa kakosea."

*

Siku ya mtihani alirudi mapema, anatembea kifua mbele, akawakuta wote wawili uani. Alikuwa amemaliza kabla ya vijana. Sheria za usalama, maji. Ishara za mikono, maji. Hesabu zote kamba tupu, kamba moja baada ya nyingine, na yeye akawa anaziona zinaning'inia mbele yake kama zile za kazini.

"Isipokuwa ile ya mwisho," alisema, akikaa kwenye ngazi na kuvua viatu. "Ile haikuwa na mchoro. Halafu wamechapa vibaya, vijistari viwili mbele ya namba. Wenzangu wametoa macho. Mimi nikamkumbuka mwalimu wangu." Akamgusa binti begani. "Nikavikata. Na pembeni nikawaandikia, nimeondoa alama hizi, kamba haisukumi. Wasije wakadhani nimeruka."

Mama alicheka. Binti akamkatiza.

"Ukapata ngapi, baba?"

"Kumi. Nyuzi thelathini na saba. Namba zile zile tulizofanya hapa, hebu fikiria."

Ilikuwa mia mbili na kumi na saba. Binti aliijua hapo hapo, bila karatasi: nusu duara nzima, kisha thelathini na saba. Alitaka kuuliza swali hilo lilikuwa na alama ngapi, na wakati huo huo hakutaka kujua, lakini baba alimjibu bila kuulizwa. Ndilo lililokuwa na alama nyingi kuliko yote, alisema, na ndiyo maana alifurahi kwamba hawakumpata.

Basi, tangu siku hiyo binti akawa anaishi na jambo lake. Baba anakwenda kazini anapiga mluzi, yeye analijua. Mama anasema wakipata cheti watanunua meza ya pili, yeye analijua. Mara kadhaa alifungua mdomo. Angesema nini? Karatasi zilikuwa zimeshakwenda kwa wasahihishaji, na kumwambia kusingebadilisha namba hata moja, kungemnyang'anya tu siku chache za kupiga mluzi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Tukisema ukweli, aliogopa pia.

*

Majibu yalipotoka Timazi hakuyaleta nyumbani yeye. Yalitangulia, kama kawaida ya habari mbaya, kupitia kwa jirani aliyekuja kuchukua gauni lake. Jirani akampa mama pole, mama akauliza pole ya nini.

Kesho yake binti hakwenda shule moja kwa moja. Alipitia yadini, akaomba kumwona msimamizi, akaketishwa kwenye kiti chenye vumbi la kutu, na sare yake ikashika rangi. Msimamizi alikuwa kijana bado, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unasema wewe ndiye uliyemwambia."

"Mimi ndiye. Aliniuliza kabisa, nikamwambia aachane nazo. Angefundishwa angeweza. Mpeni hilo moja tu arudie. Hata hapa, mbele yako."

"Dada yangu," msimamizi alisema, ingawa angeweza kumwita mtoto, "unajua mimi nani alinifundisha kufunga? Baba yako. Siku ya kwanza nilifunga bomba vibaya, alinipiga kofi la kisogo, na lile kofi ndilo lililonifanya nisimuue mtu mpaka leo. Nimekaa na karatasi yake hapa jana nzima." Akaifungua droo, akaifunga tena bila kutoa kitu. "Amepungukiwa na swali hilo hilo. Wanaosahihisha siwajui, hawako hapa. Wanaoamua hawako hapa. Mimi naletewa majina, nasoma."

"Sasa hakuna mtu wa kumwambia?"

"Wa kumwambia yupo. Wa kusikia ndiye sijui alipo." Alisugua uso kwa viganja. "Wewe unataka nifanye nini? Niandike kwamba aliyeanguka ni binti yake?"

Binti alisema ndiyo, aandike hivyo. Msimamizi akamtazama kwa huruma, akamwambia awahi shule.

Alipotoka, kreni ilikuwa inapandisha rundo la vyuma. Wafungaji wawili vijana walikuwa wamesimama chini yake, mikono juu. Upande wa uzio alikuwapo baba yake na fagio refu. Alikuwa ameacha kufagia. Kichwa amekiinamisha, anautazama mzigo, midomo inacheza, na mkono wake wa kulia umeinuka nusu kama anayetaka kusema kitu. Kisha akaushusha. Mzigo ulipanda umelala kidogo upande mmoja, ukafika, haukuanguka. Aligeuka kuendelea na kazi yake na hapo wakaonana.

Binti alishika njia ya shule, na siku nzima hakusikia walichokuwa wakifundishwa.

*

Jioni baba alinawa, akabadili nguo, akakaa kwenye kigoda mbele ya meza ya pasi. Mama alikuwa katikati ya shati. Akaliondoa, akaisimamisha pasi pembeni.

"Nionyeshe zile za vijistari," baba alisema.

Binti alileta sinia na karatasi. Akachora duara. "Hii ni robo ya kwanza, baba. Huku kosini ni chanya na sini ni chanya. Hii ya pili..."

"Ngoja." Baba aliweka kidole katikati ya duara. "Hapa imesimama kreni."

"Tuseme hivyo."

"Mkono wa kreni unazunguka. Mbele ni chanya. Ukigeukia nyuma ni hasi. Kulia ni chanya, kushoto hasi. Si kusukuma. Ni kuvuta vile vile, ila upande mwingine."

"Ndiyo," binti alisema.

"Hasi zote mbili: mkono umegeukia nyuma, kushoto. Umepita nusu duara." Alikuwa anausogeza mkono wake mwenyewe hewani, polepole, kama ule wa kreni. "Nusu duara ni mia na themanini. Na thelathini na saba. Mia mbili kumi na saba." Akaandika. "Kumbe ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, baba."

"Mbona hukuniambia?"

Aliuliza kwa kutaka kujua, basi, hakuwa anamgombeza. Hiyo ndiyo iliyomuua binti.

"Nilichoka, baba."

Baba alitikisa kichwa taratibu, akikubali. "Kweli. Nilikuchosha sana." Mama aligeukia ukutani kama anayetafuta kitu, na ukutani hapakuwa na kitu. "Nipe lingine," baba alisema.

Binti akampa. R kosini ya pembe ni hasi tano, R sini ya pembe ni kumi na mbili. Baba aligawanya, akaweka alama pembeni, akaangalia robo, akauzungusha mkono wake hewani: nyuma, lakini kulia. R ni kumi na tatu. Pembe ni mia na kumi na tatu. Hakuuliza hata mara moja. Alipomaliza alimsogezea karatasi, akaweka penseli chini na kukunja mikono kifuani, kama wale watoto wa darasa la jioni.

"Nimepata?"

"Umepata."

"Yote?"

"Yote, baba."

Timazi aliichukua karatasi, akaipuliza vumbi la penseli, akaikunja mara mbili kwa uangalifu ili mikunjo isipite juu ya majibu. Ule mng'aro wa Jumapili ulikuwa umeanza kurudi usoni mwake.

"Kesho asubuhi nampelekea msimamizi," alisema. "Akiona mwenyewe kwamba sasa nimeelewa, si atanirudisha?"

Mama alimtazama binti. Binti alikuwa ameshakaa kwenye kiti kile chenye vumbi, maneno ya msimamizi anayajua moja moja, na alijua hata uso atakaokuwa nao akiyasema tena. Baba alikuwa anangoja, karatasi mkononi.

"Mpelekee, baba," alisema. "Atakurudisha."